MASHINE IKAMATE, KOMPYUTA ITENGENEZE

Somo kwa mafundi mitambo, viongozi wa kwaya na wapiga vyombo, lililotolewa Kigoma katika wiki ya maadhimisho ya Ushirika



Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu, na ninyi wapendwa mliovuka mpaka kutoka Burundi na Congo, kwa barabara na kwa boti, karibuni sana. Nimepewa dakika arobaini kuzungumzia jambo ambalo huwa tunalikumbuka siku ya pili baada ya mkutano: kurekodi. Sitafundisha mambo ya studio kubwa. Nitazungumzia vitu viwili ambavyo baadhi ya makanisa yetu tayari yanavyo, na mengine yanaweza kuvipata kwa changizo: kinasa sauti cha treki nyingi, kile cha kujitegemea kinachotumia kadi, na kompyuta yenye programu ya kurekodi. Watu wanabishana kipi ni bora. Mimi nasema tusibishane. Kila kimoja kina zamu yake.

Kwa nini tunalisema leo

Wiki hii kamati ilitafuta nyimbo za miaka ya mwanzo ili zipigwe kabla ya ibada. Kilichopatikana mnakijua. Kaseti zilizoharibiwa na unyevu, CD ambazo hazisomi, na video za simu ambazo mpiga picha anasikika kuliko kwaya. Baadhi ya mama zetu waliotunga nyimbo zile wameshalala. Maneno tunayo, tunaimba kila Jumapili. Sauti zao hatuna.

Hata pale tulipo na rekodi nzuri kiasi, tunakuta ni faili moja lililotolewa kwenye mikseri. Kinanda kiko juu, waimbaji wako chini. Unataka kushusha kinanda, haiwezekani. Ni kama chai iliyokwisha kutiwa sukari. Ukiambiwa, "Toa kijiko kimoja," utakitoaje? Treki nyingi maana yake ni kwamba majani, maziwa na sukari kila kimoja kinakaa kwenye chombo chake. Leo unaweza kuichanganya hivi, na mtoto wako baada ya miaka ishirini akaichanganya vingine.

Hili si jambo geni. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa mashine iliyoitwa Portastudio 144, iliyorekodi treki nne kwenye kaseti ya kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alesis wakaleta ADAT, treki nane za kidijitali kwenye mkanda wa video. Siku hizi treki nane zinaingia kwenye kadi ndogo kuliko kidole gumba. Kwa hiyo kisingizio cha vifaa kimepungua sana. Kilichobaki ni utaratibu.

Zamu ya mashine: kukamata

Kwa nini nasema ibada irekodiwe kwenye mashine na si moja kwa moja kwenye kompyuta? Kompyuta ni mtumishi mwenye kazi nyingi. Inafungua barua pepe, inatafuta intaneti, inaonyesha maneno ya nyimbo ukutani, na wewe unaiongezea kurekodi. Wengine hapa mmeona kompyuta ikianza kusasisha programu zake katikati ya mahubiri, skrini inazunguka tu, na watu wanaokoka mbele pale bila chochote kurekodiwa. Mashine haina kazi nyingine. Unabonyeza kitufe chekundu, inarekodi. Hata kijana wa miaka kumi na tano anaweza kuisimamia.

Nichukue mfano mmoja unaojulikana, Zoom R16, iliyoingia sokoni mwaka 2009. Inarekodi treki nane kwa mpigo, kwa biti 24, kwenye kadi ya SD isiyozidi GB 32. Inatumia betri sita ndogo za AA. Ninyi wa huku kwetu mnajua betri maana yake nini: umeme wa gridi ukikatika, na jenereta bado inatafutiwa mafuta, mashine inaendelea kurekodi. Anza ibada na betri mpya, na uwe na nyingine mfukoni. Kama mashine yenu inategemea umeme wa ukutani, ipitishieni kwenye UPS. Na kila kipindi kikiisha, simamisha, kisha anza upya. Faili likifungwa, limefungwa. Umeme ukikatika kwenye ushuhuda, hutapoteza na maombi ya kufungua.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 24, treki moja inakula karibu MB 8 kwa dakika. Treki nane ni karibu MB 64. Saa moja ni karibu GB 4. Ibada ya saa tatu ni kama GB 11 na nusu. Kadi ya GB 32 inatosha saa nane. Mkutano wa siku tatu? Kadi tatu, kila moja na tarehe yake. Msiende na kadi moja na imani.

Sasa treki nane tunazigawaje? Wengi wanataka kila mwimbaji awe na treki yake. Haiwezekani, na si lazima. Mimi napendekeza hivi: moja ya besi, moja ya gitaa, moja ya kinanda, moja ya ngoma, moja ya kiongozi wa wimbo au mhubiri, moja ya kwaya nzima, na mbili za kusanyiko. Hizi mbili za mwisho ndizo tunazozisahau. Bila maiki za kusanyiko, mhubiri anasikika kama mtu anayejihubiria chumbani. Kanisa zima liliitikia, lakini kwenye rekodi ni kimya.

Hapo kuna jambo dogo la kiufundi. Maiki nzuri za kusanyiko mara nyingi ni za kondensa, zinazohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine. R16 inatoa umeme huo kwenye matundu mawili tu, la 5 na la 6. Kwa hiyo kusanyiko liingie 5 na 6. Tundu la 1 lina swichi maalumu ya gitaa lisilopita kwenye amplifaya, basi besi au gitaa liingie pale. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya mkutano, usikisome wakati kwaya imeshapanda jukwaani. Na kumbuka, hizo volti 48 zinakula betri haraka.

Jambo la mwisho kwenye kukamata ni kiwango cha sauti. Wakati wa majaribio mchungaji anasema "moja, mbili" kwa upole. Saa moja baadaye upako umeshuka na anapaza sauti mara nne ya ile. Sauti ya kidijitali ikigonga juu kabisa inapasuka, na iliyopasuka haishonwi vizuri. Weka kilele cha kawaida kwenye desibeli 12 chini ya mwisho. Ukirekodi kwa biti 24, sauti ya chini kidogo haina madhara, utaipandisha baadaye. Afadhali ipungue kuliko ipasuke. Tuko pamoja?

Njia ya kuvukia

Mashine imekamata. Sasa mali inavukaje kwenda kwenye kompyuta? Mashine za sasa nyingi zinaandika mafaili ya WAV, na kompyuta yoyote inayaelewa. Kwa R16 unaunganisha waya wa USB, au unatoa kadi na kuisoma. Utakuta folda ya mradi, na ndani yake treki zako moja moja.

Lakini mashine hazifanani. Tascam DP-24SD nayo inarekodi treki nane kwa mpigo na ina treki 24 za kuchezea, ni mashine nzuri. Ila kadi yake imegawanywa sehemu mbili, na kompyuta inaona sehemu moja tu. Ni lazima uiamuru mashine ihamishe treki kwenye ile sehemu inayoonekana. Fundi asiyejua hilo atafungua kadi na kusema hakuna kitu, na anaweza hata kuifuta. Ndugu zangu, kadi ikionekana tupu, usiifute. Kwanza uliza.

Kanuni yangu ya kuvuka ni moja: kabla ya kusikiliza chochote, nakili. Nakala ya kwanza kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayokaa kwa mtu mwingine, si katika nyumba ile ile. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zifunguliwe na kusikika. Na majina yaandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, kanisa, wimbo, treki ipi ni nani. "TRACK03" leo unaijua. Baada ya miezi sita hutaijua, na mtu aliyeijua amehamia Dar es Salaam.

Wengine mtauliza, si mashine yenyewe inaweza kuunganishwa na kompyuta ikawa mlango wa sauti? Ndiyo. R16 inaweza, na hata vitelezi vyake vinaweza kuendesha programu ya kompyuta. Hiyo ni nzuri siku ya wiki, mkiwa wachache, mnapoongeza sauti kwa utulivu. Lakini ikiwa katika hali hiyo, hairekodi kwenye kadi. Unakuwa umerudi kuitegemea kompyuta peke yake. Mashine za karibuni kama Zoom LiveTrak L-12 zinaweza vyote viwili kwa wakati mmoja. Kanisa linalonunua sasa liangalie jambo hilo kabla ya kuangalia rangi na taa.

Zamu ya kompyuta: kutengeneza

Mashine ina kiskrini kidogo kama cha simu ya tochi. Kukata, kusogeza na kusawazisha pale ni mateso. Hapo ndipo kompyuta inapochukua zamu. Programu si lazima iwe ya gharama. Audacity ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na kwa kukata mahubiri na kusafisha inatosha. Kwa kwaya yenye treki nyingi, wengi wanatumia Reaper, ambayo unaijaribu siku 60 kabla ya kulipia, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Msitumie programu za wizi kurekodi nyimbo za utakatifu. Nasikia mnacheka, lakini mmenielewa.

Kazi ya kwanza: fungua mradi mpya wenye kasi ya sampuli ile ile ya mashine. Kama mashine ilirekodi 44,100 na faili likachezwa kama la 48,000 bila kubadilishwa, wimbo utakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu nusu-toni moja na nusu. Baba wa besi anakuwa kijana. Mkisikia hivyo msimlaumu mwimbaji, angalieni namba.

Kazi ya pili: weka treki zote zianzie sifuri, mahali pamoja. Usizikokote kwa macho. Zilirekodiwa pamoja, zinalala pamoja.

Kazi ya tatu: ondoa kabla ya kuongeza. Treki za sauti za watu zikatie mngurumo ulio chini ya hezi 80 au 100, kule hakuna maneno, kuna kishindo cha jukwaa na upepo tu. Gitaa likiwa halipigwi, linyamazishe. Ukitaka kwaya isikike, shusha kinanda kwanza kabla hujapandisha kwaya.

Kazi ya nne ni ya kusanyiko. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Maiki ya kusanyiko ikiwa mita 10 kutoka kwenye spika, inapokea maneno ya mhubiri kama milisekunde 29 baada ya maiki yake. Ndiyo maana mkichanganya inasikika kama anahubiri pangoni. Sogeza treki za kusanyiko ziwahi kwa kiasi hicho na pango linapungua. Mashine haiwezi kukuonyesha hilo vizuri. Kompyuta inaweza.

Kuimba pamoja tukiwa mbalimbali

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Siku ya kuwekwa wakfu hekalu la Sulemani, tunasoma kwamba wenye tarumbeta na waimbaji walisikika kama mmoja. Wao walikuwa mahali pamoja. Sisi tumegawanywa na ziwa na mipaka. Bujumbura na Uvira wanatazamana kwenye ncha ya ziwa, sisi tuko huku chini. Kukutana ni mara moja kwa mwaka, tena nauli ikipatikana. Lakini wimbo mmoja unaweza kuzunguka.

Utaratibu ni huu. Kanisa la kwanza linarekodi vyombo na kiongozi, na mwanzoni kabisa linahesabu mipigo minne kwa fimbo. Kompyuta inatoa faili moja la mwongozo, linaloanzia sifuri. Faili hilo linapelekwa Bujumbura, wanaliingiza kwenye mashine yao, wanalisikiliza kwa hedifoni na kuimba sehemu yao kwa Kirundi kwenye treki mpya. Kisha wanarudisha treki mpya tu, nazo zikiwa zimeanzia sifuri, hata kama wao wanaingia dakika ya pili. Hivyo hivyo Uvira. Kompyuta moja inakusanya zote, inaziweka sifuri, na ghafla makanisa matatu yanaimba kibwagizo kimoja.

Masharti ni machache lakini hayavunjwi. Kwanza, mashine ile ile inayocheza mwongozo ndiyo irekodi. Ukicheza mwongozo kwenye simu na kurekodi kwenye mashine, hakuna ajuaye mwanzo wa mmoja uko wapi kwa mwenzake. Tena kila kifaa kina saa yake ya ndani, na saa mbili hazifanani kabisa. Tofauti ya sehemu 20 tu katika milioni ni milisekunde 72 kwa saa. Kwa wimbo wa dakika sita huisikii. Kwa ibada ya saa mbili iliyorekodiwa na mashine mbili, mwishoni mnapata mwangwi. Pili, hedifoni ziwe za waya. Zile za Bluetooth zinachelewesha, na mwimbaji atachelewa nazo bila kujua. Tatu, wote tutumie 44,100 na biti 24, tusiulizane kila mara.

Kuhusu kutuma, sauti iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp imebanwa, ifae kusikiliza tu. Treki zitumwe kama dokumenti, au zibanwe kwa FLAC, ambayo inapunguza ukubwa bila kupoteza hata punje ya sauti. Bando likishindikana, kadi iwekwe kwenye bahasha, ipewe mwaminifu anayesafiri. Nakala nyingine ibaki nyumbani.

Uaminifu wa fundi

Namalizia na neno kwa mafundi, kwa sababu chombo hiki kina nguvu. Kwenye Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 15 yuko Kenania, Mlawi aliyekabidhiwa uimbaji kwa kuwa alikuwa anaujua. Ustadi ulimpa dhamana. Na ninyi mmepewa dhamana.

Ukiwa na treki zilizotengana, unaweza kunyoosha sauti ya mzee iliyotetemeka. Unaweza kukata ushuhuda ukasema ambacho mtu hakusema. Unaweza kuchukua "Amina" ya ibada ya Jumapili ukaipachika kwenye mahubiri ya Jumatano. Kompyuta haitakukataza. Mimi nasema: safisha kelele, usisafishe ukweli. Usimwekee mhubiri Amina ambayo kanisa halikuisema. Sauti ya bibi inayotetemeka iacheni itetemeke, ndiyo sauti ambayo wajukuu wake wataitafuta. Treki zilizotoka kwenye mashine zibaki kama zilivyo, hazibadilishwi kamwe. Mabadiliko yote yafanyike kwenye nakala.

Tena, ombeni ruhusa. Mtu aliyetoa ushuhuda wa ugonjwa wake mbele ya kanisa lake hakukubali usikike nchi tatu. Muulize. Na kwaya iliyoazima sauti yake iandikwe jina kwenye kava, hata kama iliimba mistari miwili. Ushirika unaweza kuvunjika kwa jina lililosahaulika.

Kabla hatujaachana, naomba kila kanisa liondoke na mambo matatu. Moja, mteue fundi wa kurekodi ambaye si yule anayeendesha mikseri ya ibada. Mtu mmoja hawezi kutumikia spika na kadi kwa wakati mmoja. Mbili, mnunue kadi na diski ya nje kabla ya kununua maiki nyingine. Tatu, na hili lisisubiri mwakani: mwezi huu huu waketisheni wazee wenu wanaojua nyimbo za mwanzo, kila mmoja na maiki yake na treki yake, waimbe na kueleza wimbo ulitoka wapi. Chumba tulivu, betri mpya, hakuna haraka. Hata kama hamna kompyuta bado, rekodini. Kutengeneza kunaweza kusubiri mwaka mmoja. Mzee wa miaka themanini na tano hatusubiri.

Maswali nitayajibu pale kwenye meza ya mitambo, mje na mashine zenu. Amina.